Maji Chini ya Gari

Gari lilichemsha Jumatatu mbele ya lango la shule, saa moja na dakika kumi asubuhi, wakati ambao kila mzazi mwenye gari lake alikuwa pale anamshusha mwanawe. Kama lingechemsha barabarani, kati ya watu wasiojuana, dereva angengoja lipoe, angelimwagia maji na kuondoka na aibu yake ndogo. Lakini lilichagua pale pale langoni. Mvuke ulifuka chini ya boneti, watoto kumi na mmoja wakateremka na mabegi yao, na wawili wa mwisho walikuwa mapacha wa dereva mwenyewe, waliompita wakitazama viatu vyao kana kwamba hawamjui.

Mwalimu Mkuu alitoka ofisini kwa hatua za taratibu. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti.

"Hii ni mara ya tatu muhula huu," alimwambia dereva. "Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa nitapanda mwenyewe kuanzia kituo cha kwanza mpaka hapa. Likichemsha, au ukisimama njiani kuongeza maji, kazi ya kubeba watoto nampa mwingine. Na yupo, anasubiri tu nimwite."

Mama Pacha alizipata habari hizo mchana kutoka kwa mapacha, waliozisimulia kwa zamu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake: mvuke ulikuwa mwingi, hapana, ulikuwa wa wastani, Baba alisema samahani mara mbili, hapana, mara tatu. Yeye alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji na siku hiyo hakuwa na zamu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Wasichana wale wawili walisoma shule ile bila ada, kwa kuwa baba yao ndiye aliyebeba wanafunzi. Kazi ikienda, na madawati yao yanakwenda. Hilo halikuhitaji kusemwa, na mumewe alipoingia akakaa mezani, hakulisema. Alikula akitazama sahani.

"Umeshalipeleka kwa fundi?" Mama Pacha aliuliza.

"Nalipeleka sasa hivi."

"Ngoja nivae viatu."

"Gereji si mahali pa wanawake, Mama Pacha. Kuna oili kila mahali."

"Mimi ninafanya kazi mahali penye damu kila mahali. Twende."

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Mama Pacha alimuaga, naye akajibu "haya" bila kuinua kichwa. Miezi minne sasa bibi yule alikuwa akimjibu mkamwana wake kwa neno moja, na siku za neema, mawili. Mama Pacha aliona ni uzee tu na magoti, akaacha.

*

Fundi Sikio aliitwa hivyo kwa sababu hakuyaamini macho. Alikuwa na bisibisi refu. Ncha aliiweka kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho, na gereji nzima ikanyamaza kwa heshima. Aliliacha gari liungurume karibu saa nzima, akalala chini yake mara mbili juu ya kipande cha boksi, kisha akasikiliza kwa mara ya mwisho.

"Hedi," alisema. "Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imekwisha. Maji yanaingia ndani, yanaungua pamoja na mafuta. Inabidi tufungue injini."

"Siku ngapi?" dereva aliuliza.

"Kumi. Kama hedi yenyewe haijapinda."

"Na kama imepinda?"

Fundi Sikio alichukua kitambaa akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja. Hilo lilikuwa jibu tosha. Kufungua injini kungemeza akiba yote waliyoweka ya kubadilisha paa, na bado Ijumaa ingewapita gari likiwa vipande sakafuni.

"Fundi," Mama Pacha alisema, "umejuaje kwamba yanaungua ndani?"

"Sista, umeniona. Nimeliwasha mpaka likapata moto sawasawa, nimelala chini, sijaona hata tone. Maji yanapungua, nje hayaonekani. Yatakuwa yameenda wapi?"

"Moshi mweupe umeuona?"

"Bado."

"Oili imechanganyika na maji?"

"Bado. Itachanganyika."

"Kwa hiyo mgonjwa hana dalili hata moja ya ugonjwa unaotaka kumpasulia."

Vijana wawili waliokuwa wakifunga tairi walicheka, kisha wakajifanya wanakohoa. Fundi Sikio hakupendezwa. Alikuwa fundi mzuri, na fundi mzuri hukerwa zaidi kuliko mbovu anapoulizwa swali la haki.

"Wewe unatibu nyama, Sista," alisema. "Mimi natibu chuma. Tusiingiliane."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. "Maji yanapungua kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kikombe. Kwa wiki."

Alimtazama kwa jicho lile alilowatazamia wagonjwa wanaosema wanavuta sigara moja moja. Mengine aliyaweka ya nyumbani.

"Tupe mpaka Alhamisi," alimwambia fundi. "Tukishindwa, utafungua."

Walirudi nyumbani dirisha wazi, dereva ameng'ang'ania usukani kama unataka kumtoroka. "Umeniaibisha mbele ya fundi wangu," alisema walipofika kona ya mwisho.

"Fundi wako alitaka kukulazia gari chumba cha mahututi wakati hajalipima hata homa."

*

Wodini kwao, kila mgonjwa aliyetoka kupasuliwa alikuwa na karatasi ya maji: upande huu yanayoingia, upande ule yanayotoka, na saa, na sahihi ya aliyepima. Mama Pacha alikuwa amejaza karatasi hizo kwa miaka kumi na miwili na alikuwa na imani nazo zaidi kuliko alivyowaamini madaktari wengi. Jioni ile alichukua daftari la mmoja wa mapacha, akachana karatasi ya katikati, akaichora mistari na kuibandika nyuma ya mlango wa jiko. Akaweka pembeni jagi la plastiki lenye alama, lile la kupimia unga.

"Gari si mgonjwa," mumewe alisema.

"Kila kinachokunywa kina karatasi yake. Mtu yeyote asilitie maji bila kupima na kuandika hapa. Haya, sasa tuko wawili tu. Unaongeza kiasi gani?"

Dereva alifunga mlango wa jiko, ingawa mama yake alikuwa chumbani na watoto walikuwa kwenye hesabu zao.

"Chupa," alisema.

"Chupa kwa wiki?"

"Kwa siku. Kila asubuhi. Naificha chini ya kiti. Nikishapita kona nasimama naongeza, ili wewe na Mama msinione; watoto nawaambia natazama tairi. Leo kiatu cha yule mmoja kilipotea, tukachelewa, nikasema leo tu nitapita bila kuongeza. Ndipo likaniumbua."

"Tangu lini?"

"Miezi minne. Niliogopa, Mama Pacha. Nikisema chupa, mtu ataniambia lifunguliwe. Nikisema kikombe, linakuwa gari la kikombe."

Alikuwa mwanamume mrefu, na pale, amesimama kati ya jiko na ndoo, alionekana kama amepewa adhabu. Mama Pacha alimhurumia. Alitaka kumwambia neno la kumfariji, lakini neno lililomjia lilikuwa la kazi, na alijua kwamba kwa mumewe hilo lingefariji zaidi.

"Leta tochi. Limeshapoa, tulijaze mpaka shingoni, tuandike."

Jumanne alfajiri walifungua mfuniko wa rejeta pamoja. Mama Pacha alijaza tena kwa jagi huku akihesabu alama: nusu lita na robo kikombe juu yake. Aliandika. Kutwa nzima dereva alibeba watoto, asubuhi na mchana, chini ya jua kali, na chupa yake aliiacha nyumbani kwa amri. Jioni, gari lilipopoa kidogo, walifungua tena. Maji yalikuwa yamepungua vijiko viwili tu. Waliandika. Jumatano alfajiri, nusu lita na robo kikombe.

Mama Pacha alisimama mbele ya mlango wa jiko akiisoma karatasi kwa kidole.

"Anapungukiwa akiwa amelala," alisema. "Akifanya kazi, hapungukiwi kitu."

"Halafu?"

"Halafu fundi wako humwangalia akiwa kazini tu. Kuna mahali panafunguka likipoa kabisa na kujifunga likipata moto. Maji yanatoka hapa hapa nyumbani, Baba Pacha. Yanatoka usiku."

"Mbona hatujawahi kuyaona?"

Alichukua tochi akatoka, akapiga magoti kando ya gurudumu na kumulika chini ya gari. Ardhi ilikuwa imelowa. Akageuza tochi upande wa pili: imelowa. Akamulika mlangoni, langoni, chini ya kamba ya nguo. Ua mzima ulikuwa umelowa sawasawa, na juu yake ilipita mistari ya ufagio, imenyooka, kutoka kizingitini mpaka nje.

*

Mama mkwe aliamka saa kumi na moja kila siku ya Mungu. Alichota ndoo, akanyunyiza maji kwa kiganja ili vumbi lisiruke, kisha akafagia. Chini ya gari aliinama na ufagio mfupi, magoti yakilia. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyeweza kumzuia. Majirani walipopita njiani walisema ua wa bibi unaweza kupakuliwa wali, naye akajifanya hakusikia.

Sasa alikuwa langoni akimalizia. Mama Pacha alimwendea huku akifuta udongo magotini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, naomba kesho usifagie."

Ufagio ulisimama.

"Nisifagie."

"Kesho tu. Na usinyunyize. Nataka kuona chini ya gari pakiwa kama palivyolala."

"Kwa hiyo siku hizi uchafu ni dawa."

"Tunatafuta gari linakovuja maji, Mama. Ijumaa Baba Pacha anaweza kunyang'anywa kazi."

Bibi aliuegemeza ufagio ukutani polepole, akakunja mikono chini ya kanga. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne alimtazama mkamwana wake usoni, na haikuwa sura ya mtu mwenye maumivu ya magoti.

"Unatafuta maji chini ya gari," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe."

"Mimi, Mama."

"Maji unayoyamwaga wewe."

Dereva, aliyekuwa amekuja na jagi mkononi, alisimama pale alipo.

"Mimi nimwage maji chini ya gari?" Mama Pacha aliuliza.

"Ukirudi zamu unafua sare zako kwenye beseni. Huwa nakusikia bombani. Asubuhi nikitoka, pale chini ya gari pamelowa, tope tupu. Siku moja nikasema ni bahati mbaya. Siku ya pili nikasema amechoka. Baada ya hapo nikaelewa. Mtu haoni haya kumwaga maji machafu mahali ambapo anajua mimi huinama na magoti haya. Nikasema sawa. Nikafagia. Sikusema neno."

Mama Pacha alihisi uso umepata moto. Miaka tisa katika nyumba moja, na mtu aliamka kila alfajiri akamsomea mashtaka, akamhukumu, na kumsamehe nusu nusu, yeye amelala. Alikuwa na maneno ya kujibu, na yalikuwa makali.

"Maji yangu nayamwaga mferejini, Mama. Kule nyuma. Tangu siku niliyoingia nyumba hii."

"Na mbona usipofua panakuwa pakavu? Jumatatu hapana tone. Jumatatu zote. Kwa sababu Jumapili hufui."

"Kwa sababu Jumapili gari halitoki."

Walitazamana. Hoja ilikuwa moja, ushahidi ni ule ule, na kila mmoja aliuona ukihama mkononi mwake kwenda kwa mwenzake. Bibi ndiye aliyeshusha macho kwanza.

"Mama," dereva alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mkeo ananidharau? Ili usiku mgombane kwa ajili yangu? Mimi si mtu wa kuvunja nyumba ya mwanangu kwa beseni la maji."

Hapo hasira ya Mama Pacha ilikosa pa kushika. Yule bibi alikuwa amekosea, na alikosea kwa kuitunza nyumba. Kulia angeweza, na kucheka angeweza pia, lakini saa ilikuwa kumi na mbili kasoro na watoto walipaswa kuondoka na robo. Alivuta pumzi.

"Mama, wewe ndiye pekee uliyeyaona hayo maji," alisema. "Nionyeshe. Ni wapi hasa?"

Bibi alisita. Kisha akachukua ufagio, akaugeuza, na kwa mpini wake akachora mduara kwenye udongo, upande wa kushoto wa injini, nyuma ya gurudumu la mbele.

"Hapa. Si mbele, si nyuma. Hapa."

"Ukubwa gani?"

"Mwanzoni kisosi. Wakati mapacha wanafanya mitihani, sahani ya kulia. Tangu mwezi uliopita ni sinia. Hilo hilo sinia, halizidi wala halipungui."

Mama Pacha alikwenda jikoni akabandua karatasi, akarudi nayo na kalamu, akaandika yote kama alivyoambiwa: kisosi, sahani, sinia, kushoto. Wagonjwa wengi wangepona mapema, aliwaza, kama wangekuwa na mtu wa kuwaangalia hivi. Alipoinua kichwa kumshukuru, bibi alikuwa ameshaingia ndani. Sehemu ya langoni ilibaki haijafagiliwa.

*

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri Fundi Sikio aliingia uani na kandambili, shati limefungwa vifungo kombo. Aliapa tangu langoni kwamba tangu azaliwe hajawahi kutazama gari kabla ya chai.

"Ndiyo maana nimekuita," Mama Pacha alisema. "Hili lina siri ya kabla ya chai."

Ua ulikuwa mchafu. Majani, karatasi ya biskuti, alama za viatu vya jana. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, akiteseka kimya. Dereva alimulika tochi. Katikati ya udongo mkavu, kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele, palikuwa na duara la maji, na ukubwa wake haukubishaniwa na mtu yeyote.

Fundi Sikio alitandika boksi lake na kuingia chini. Miguu yake ilibaki nje, kandambili moja imedondoka.

"Tone lipo," sauti ilisema kutoka chini. "Linatoka kwenye boriti ya kubeba injini. Hapana. Hapo linapitia tu. Lete mwanga huku. Juu zaidi. Linatembea na boriti viganja viwili ndipo linaanguka." Kisha akaita: "Sista, umesema usiku linapungua kiasi gani?"

"Nusu lita na robo kikombe. Jumanne na jana."

"Kiasi kile kile?"

"Kile kile. Na sinia ni lile lile, mwezi mzima. Muulize Mama."

"Halizidi," bibi alisema mlangoni, kwa sauti ya shahidi.

"Basi maji yakishashuka mpaka usawa wa tundu, yanaacha. Tundu liko juu, si chini." Miguu ilijivuta, Fundi Sikio akatoka na majani nyweleni, akafungua boneti na kupeleka mkono moja kwa moja nyuma kabisa ya injini, mahali pa giza karibu na ukuta unaotenga injini na abiria. Alipapasa huku akitazama angani. Alipoutoa mkono, ulikuwa umelowa na una kutu kwenye vidole.

"Mpira wa maji wa nyuma," alisema. "Kibano chake kimeliwa na kutu. Likipata moto mpira unatanuka, unabana wenyewe. Likipoa alfajiri unasinyaa, unaachia."

Aliomba ufunguo, akawasha. Wote wakasubiri, na kwa mazoea fundi akataka kutoa bisibisi lake, kisha akalirudisha mfukoni. Injini ilipopata moto walipiga magoti, hata bibi aliondoka kigodani, na wakaona tone likining'inia kwenye boriti, likanenepa, halafu likabaki hapo hapo. Halikuja lingine.

Fundi Sikio alizima gari. Alikaa kwenye bampa.

"Ningeifungua hii injini bure," alisema. Hakumtazama mtu. "Ningefungua, ningebadilisha gasketi, ningefunga, na siku ya kumi na moja mngerudi na chupa."

"Ungeona baadaye," dereva alisema, kwa wema.

"Nisingeona. Mimi nafungua gereji saa mbili." Alisimama, akajipangusa. "Sista, hiyo karatasi yako. Ukimaliza nayo, naomba niitazame ulivyoichora."

Alikwenda gerejini kwake na kurudi na kibano kipya. Alikata ncha ya mpira iliyochakaa kwa kisu, akavuta, akabana, akamimina maji. Kazi yote haikufika nusu saa. Watoto walichukuliwa kwa wakati, na bibi akaanza kufagia gari lilipotoka tu, kwa haraka ya mtu aliyenyimwa chakula.

*

Ijumaa Mwalimu Mkuu alikuwa kituo cha kwanza kabla ya gari. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, na safari nzima macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto. Mama Pacha alikuwa na zamu ya mchana. Alipanda nyuma kati ya mapacha bila kuombwa. Gari lilipanda mlima, likasimama kwenye foleni ndefu jua likilipiga usoni, likapakia, likapakia tena. Mshale ulifika katikati ukatulia. Dereva alikuwa wima, shingo imenyooka, na mkewe aliyemtazama kwa nyuma aliona kwamba masikio yake, ambayo wiki nzima yalikuwa yameshuka, yamerudi mahali pake. Alimpenda sana dakika ile.

Langoni Mwalimu Mkuu alingoja watoto wateremke. Kisha akainama, akachungulia chini ya kiti cha dereva, kutafuta chupa ya maji aliyowahi kusimuliwa na watoto. Hapakuwa na kitu.

"Jumatatu saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili na robo, Mwalimu. Kama kawaida."

"Usichelewe," alisema, akashuka.

Dereva alikaa pale usukani mkononi, hawezi kuondoa gari. "Amesema Jumatatu," alisema. "Umemsikia? Jumatatu."

"Nimemsikia. Washa, nyuma wanapiga honi."

Nyumbani Mama Pacha alimkuta mama mkwe jikoni. Birika lilikuwa motoni na vikombe viwili viko mezani, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda. Mama Pacha alimweleza habari ya kiti na mshale, na bibi akasikiliza kila neno, akaitikia pale panapoitikiwa. Bibi alimimina chai, akasukuma kikombe kimoja upande wa pili.

"Mimi nilikuwa nakuchukia kila asubuhi," alisema. "Nisikudanganye. Nilianzia pale kizingitini kukuchukia, mpaka nifike langoni. Nikishamaliza kufagia, nakupenda tena. Lakini ua ni mkubwa."

Mama Pacha aliuweka mkono wake juu ya mkono wa bibi, mkono mgumu wenye sugu za mpini, na bibi akauacha ukae.

"Ungeniambia siku ya kwanza, Mama."

"Ningekuambia. Nisamehe, mwanangu. Kuanzia leo chochote nikiona nitakuambia siku hiyo hiyo."

"Basi anza leo."

Bibi alifikiri. Aliinua kikombe, akanywa funda moja, akakiweka chini kwa uangalifu.

"Chai ya nyumba hii ina sukari nyingi," alisema. "Kwa sababu unaipenda wewe, na mimi naipika hivyo. Miaka tisa naimeza."

"Na kingine?"

"Vipo."

Mama Pacha aliitazama saa ya ukutani. Zamu yake ilianza saa nane. Alivuta kiti karibu, akakaa, akavua viatu.